Mkuu, Aprili usishuke chini ya lami

Mleta mada umeuliza mambo mawili: kama mzunguko wa Moshi, Msitu wa Rau, Kahe hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu na kurudi unawezekana kwa siku moja na baiskeli ya graveli, ile ya barabara za vumbi na changarawe, katikati ya Aprili, na tairi za upana gani. Nilikuwa napita tu, sikutaka kuchangia. Halafu nikafungua ile ramani uliyoambatanisha. Aisee. Ule mstari wa bluu naujua kona kwa kona, na najua kabisa umetoka kwa nani.

Usiende. Mvua ikiwa imenyesha, kaa juu ya lami, chini ya lami usishuke. Lami naisema barabara kuu inayotoka Arusha kupita Moshi kwenda Himo. Juu yake kuna migomba, kahawa na udongo mwekundu. Chini yake kuna mpunga, miwa, miba ya migunga na udongo mweusi wa mbuga. Kama una haraka ishia hapa, yaliyobaki ni hasira zangu.

Najua utaniambia "mbona Moshi mjini jua linawaka". Hapo ndipo wageni wanapoingia mkenge. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kule kwenye ukanda wa msitu, inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na tambarare ya chini haipati hata nusu yake. Lakini maji yanayonyesha juu hayabaki juu. Usiku mlima unanyeshewa, asubuhi wewe unakunywa chai mjini na anga jeupe, kumbe mito na mifereji ya kule chini imeshajaa na kingo zimelowa. Unashuka ukiwa na miwani ya jua.

Sisi tulishuka watatu. Njia tulichorewa na bwana mmoja wa kundi la WhatsApp anayejiita mwenyeji wa njia zote za kaskazini, na tulimlipa. Siku moja kabla nikamwandikia: mkuu, huko chini hakujanyesha? Akajibu, "Njia iko safi, ni tambarare mwanzo mwisho." Kweli ni tambarare. Hata bwawa ni tambarare. Picha zake nilikuja kuziangalia vizuri baadaye, nikiwa nimekaa na barafu gotini: nyasi za kahawia, vumbi limetimka, mpunga umeshavunwa. Picha za kiangazi zote! Mtu anakuuzia njia ya Septemba uiendeshe Aprili, na anakuwekea alama ya dole gumba.

Msitu wa Rau wenyewe hauna lawama. Uko pua na mdomo na mji, unaishi kwa maji yanayochimbuka ardhini, kivuli kizito, mbega juu, na ile miti ya msoo ambayo ni nadra mno kuiona kwingine. Tulipiga picha tukacheka. Mwenzetu mmoja akasema hii ndiyo graveli sasa. Namkumbusha hilo mpaka leo.

Balaa limeanzia kwenye mashamba ya mpunga upande wa Chekereni. Barabara ikaisha, mstari wa bluu ukaendelea juu ya tuta la shamba. Kwenye picha ya setilaiti tuta linaonekana barabara nzuri iliyonyooka, na nina hakika mchoraji alilichora akiwa kitandani. Mwanzo baiskeli ilikuwa nzito tu. Nikadhani ni mimi, nimekula chapati nyingi. Kidogo gurudumu la mbele likagoma kuzunguka. Sio kuteleza, kugoma. Ule ni udongo unaovimba ukinywa maji, unashika tairi, unaokota mabua ya mpunga, unajishindilia katikati ya tairi na uma wa mbele. Ni kama ule watu wanaokandikia nyumba, tena hapo umeshachanganywa na mabua, bado kupaka chokaa tu. Unautoa kwa kijiti, unasukuma hatua chache, umejaa tena. Ukiibeba begani inakuwa na uzito wa mtu mzima, na viatu navyo vimeshakuwa virefu chini kama vya miaka ya sabini.

Tukiwa tunakwangua, akapita kijana na Phoenix yake ya mizigo, madigadi ameyang'oa, anaisukuma pembeni kwenye nyasi za ukingo wa mfereji. Hakukanyaga njia hata mara moja. "Shikamooni," akaendelea zake. Mama mmoja aliyekuwa anapandikiza mpunga akanyoosha mgongo, akatutazama weee, akauliza, "Wanangu, baiskeli kama hiyo ni shilingi ngapi?" Nikamtajia bei ya Phoenix. Akatusikitikia hata kwa hiyo.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo pesa ilipokwenda. Nilichoka kusukuma. Nikaona kipande kinang'aa kidogo nikajua kimekauka, nikapanda, nikasimama juu ya pedali nikakandamiza kwa nguvu zote. Mnyororo ulikuwa umejaa tope na mabua, haukupita kwenye vile vigurudumu vya gia ya nyuma. Kitu kikalia ka! Kile kisikio cha alumini kinachoshikilia gia kwenye fremu kikavunjika, gia yote ikavutwa ikaingia kwenye spoki. Kisikio kimetengenezwa makusudi kivunjike ili fremu ipone, nalijua hilo, nililisoma kabla. Ila hakikutengenezwa kikuvunjikie katikati ya jaruba.

Bwawa hatukuliona. Nyumba ya Mungu ile nyingine ndiyo nilikaribia kuifikia, maana saa saba mchana kule chini si mchezo na maji ya kunywa yalikuwa yameisha. Tulitoka kwa bodaboda, baiskeli imefungwa kwa mipira nyuma ya dereva, kwa bei ya kumkuta mtu yuko shidani. Fundi tuliyempata Kahe, chini ya mwembe, akakipindua kile kisikio mkononi akauliza kama Wazungu hawana chuma. Akakata mnyororo, akaufupisha, akaniachia gia moja. Hakuna bei ambayo angenitajia nikabisha. Kwa gia hiyo moja nikapanda kurudi Moshi, na usidanganywe na neno tambarare: mji uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, bwawa liko chini ya 700, kwa hiyo kurudi ni mlima mpole usioisha, jua liko usoni. Uliyechorewa kilomita 110 kwa siku moja, mchoraji alikuonyesha mwinuko wa kurudi?

Kisikio cha fremu yangu hakikupatikana Moshi, hakikupatikana Arusha, kikaagizwa nje. Pedi za breki za diski zilikuwa zimesagwa na mchanga mpaka kwenye chuma. Spoki, mnyororo, gia ya nyuma, beringi. Mke wangu hajui jumla, na nyie mnaomfahamu msijifanye mnajua. Nilipomwandikia mwenyeji wa njia zote za kaskazini, alijibu, "Pole mkuu, ndiyo graveli hiyo." Kisha akaniondoa kwenye kundi. Nikamwona wiki hiyohiyo anauza ile njia tena kwa wengine, na leo naikuta kwako.

Tairi sasa. Watu watakuambia weka pana kadiri fremu inavyokubali. Kiangazi sawa, kwenye mchanga na makorongo ya vumbi inasaidia. Masika ni kinyume: kinachokuokoa ni nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu. Ukiweka tairi la milimita 45 kwenye fremu inayoishia 45 umejijengea kiwanda cha matofali. Shuka hadi 38 au 40, kidole kipite pande zote bila kubanwa. Na uwe na yale majimaji ya kuziba ndani ya tairi, kwa sababu mwiba wa mgunga hauna msimu.

Njia ya Aprili ipo, na msitu utaupata. Panda basi uje Arusha, nenda Olmotonyi, kule kwenye chuo cha misitu. Barabara za ndani ya mashamba ya miti, misonobari na mikaratusi, ardhi ya majivu ya Meru inayokunywa maji haraka. Utachafuka, utateleza kwenye mitaro iliyochimbwa na malori ya magogo, na ukianguka unainuka, gurudumu bado linazunguka. Ukitaka ziwa, Duluti iko Tengeru, si mbali na barabara kuu. Njia ya kulizunguka ni ya waenda kwa miguu, mimi baiskeli huiacha getini nikazunguka kwa mguu. Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru linafunga barabara, jihadhari na noah za abiria.

Kama bado kichwa chako kiko Kahe, basi subiri Agosti au Septemba, na hata hapo usimuulize mtu yeyote "njia inapitika?" Atakuambia inapitika. Huku kwetu hatumvunji mgeni moyo, njia zote zinapitika mpaka uingie. Muulize bodaboda: wewe leo umepita? Saa ngapi? Halafu usisikilize jibu, inama utazame matairi ya pikipiki yake na chini ya madigadi. Ukiona udongo mweusi umeganda pale, geuza, nenda kanywe supu.

Na wale wanaokuja kusema "mimi nilipita Aprili sikupata shida", tupe picha yenye tarehe, tena ya baiskeli, sio ya bwawa.

Mleta mada, ukifika nyumbani leo geuza baiskeli miguu juu, pitisha kidole kati ya tairi la nyuma na fremu, upige picha uilete hapa. Na kama umeshampa huyo bwana kianzio, kidai kabla hajakutoa kwenye kundi.