Swali la Msomaji: Kwa nini okidi yangu ya ndara inanywea?

SWALI: Mhariri, salamu. Miezi minane iliyopita nilinunua okidi ya ndara, ile ambayo ua lake lina kifuko mbele mithili ya ncha ya kiatu. Ua lilidumu karibu wiki saba. Lilipoanguka, niliuhamishia mmea katika chungu kikubwa chenye udongo mzuri wa bustani, nikawa naumwagilia kila asubuhi. Sasa majani yamenywea kana kwamba yana kiu, na ua halijarudi. Nifanyeje?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, majani hayo yana kiu kweli, na maji yaliyojaa chunguni hayawezi kuyafikia, kwa kuwa mizizi iliyopaswa kuyapandisha imeoza. Okidi za ndara za jenasi (kundi la mimea ya jamaa moja) ya Paphiopedilum, kama yako, ambazo asili yake ni Asia, nyingi huota juu ya majani yanayooza msituni au katika nyufa za mawe ya chokaa, mahali ambapo unyevu haukosekani lakini maji hayatuami na hewa hupita. Okidi nyingine nyingi huweka akiba ya maji katika mashina yaliyovimba. Hii haina ghala hilo, na watu wengi, kwa kuhofia isikauke, huiua kwa maji.

Itoe katika udongo huo leo. Usidanganywe na rangi ya mizizi, maana hata iliyo hai huwa ya kahawia na yenye vinyweleo. Ibonyeze: iliyo ngumu iache, na ile laini ambayo ganda lake linachunika na kubakiza uzi, ikate kwa kisu kilichopitishwa motoni. Kisha tafuta chungu kidogo chenye matundu, kinachotosha mizizi iliyobaki tu, ukijaze vipande vya magome ya msonobari vilivyolowekwa usiku kucha na kuchanganywa na makaa machache. Kitako cha mmea kifunikwe kama sentimita 1, kwani mizizi mipya huchipuka hapo, na ikikuta hewa kavu huacha kukua.

Mwagilia asubuhi, pale magome ya juu yanapoanza kukauka, wala usiache maji yatuame katikati ya majani. Napendelea maji ya mvua, kwa sababu chumvi ya maji ya visima vingi hujikusanya chunguni na kuunguza ncha za mizizi. Dirisha la mashariki linafaa, na baridi ya usiku ya Nairobi haitaidhuru ndani ya nyumba. Mbolea isubiri hadi uone mizizi mipya. Hapo uitie ikiwa hafifu sana. Magome nayo huoza, hivyo yabadilishe kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kuhusu ua, chipukizi lililokwisha kuchanua halichanui tena. Ua lijalo litatoka katika chipukizi jipya pembeni mwake, ambalo huhitaji mwaka mmoja au zaidi kukomaa, kwa hiyo usilikate lile la zamani, kwani ndilo linalolilisha.

Ukishawishika kununua nyingine, muulize muuzaji ilikokuzwa. Biashara ya kimataifa ya okidi za ndara za jenasi hii zilizong'olewa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa sababu ya kweli: spishi iitwayo Paphiopedilum vietnamense ilielezwa kitaalamu mwaka 1999, na katika miaka michache tu wakusanyaji walikuwa wamekwisha kuing'oa karibu yote.