Alumini inayeyuka, inamumunyika au inaliwa?

Swali: Ninafundisha kemia hapa Tanga na ninaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali) cha nikeli kinachotokana na aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya nikeli na alumini. Aloi ikitiwa kwenye kostiki soda, niseme alumini "inayeyuka" au "inamumunyika"? Na vile vitundu vinavyobaki, ni vinyweleo?

Jibu: Mwalimu, shida ni kwamba kazi hii ina hatua mbili, na "yeyuka" inataka kukaa kotekote. Kwanza nikeli na alumini, kwa kawaida nusu kwa nusu kwa uzito, huyeyushwa tanuruni, kisha aloi ikipoa husagwa unga. Hapo kitenzi kiko mahali pake. Baadaye unga huo hutiwa kwenye kostiki kali ya moto. Ukiandika tena "alumini huyeyuka", mwanafunzi atadhani ni joto lile lile linafanya kazi.

"Mumunyika" inaondoa utata huo, ila inaleta mwingine. Chumvi iliyomumunyika majini hurudi maji yakikauka. Wenye mashamba ya chumvi huko kwenu wanaishi kwa hilo. Alumini hii hairudi. Imekuwa kitu kingine, sodiamu alumineti, na haidrojeni imetoka kwa mapovu. Mimi ningeandika "alumini huliwa na kostiki". Watu wa pwani husema bati limeliwa na chumvi, na hakuna anayeuliza meno yako wapi. Usilionee haya neno hilo darasani, maana hapa ndilo sahihi kuliko yote.

Vinyweleo viachie ngozi, "vitundu" vinatosha. Ndivyo vinavyoifanya gramu moja tu ya nikeli hiyo iwe na eneo la uso la takriban mita za mraba 100, na haidrojeni hunasa humo.

Kwenye matumizi, ambako kichocheo hiki huunganisha haidrojeni na vitu vingine, "kutia haidrojeni" kunaeleweka upesi kuliko "kuhaidrojenisha". Mmarekani Murray Raney, aliyepata hataza ya kichocheo hiki mwaka 1927, alikusudia kutia haidrojeni kwenye mafuta ya mbegu za pamba. Siku hizi hutumika pia kugeuza benzeni kuwa saikloheksani, na glukosi kuwa sobitoli.

Jambo moja hukuuliza: nikeli hiyo ikikauka hewani "huwaka", usiandike "huwashwa", kwa kuwa haihitaji kiberiti. Ndiyo maana huhifadhiwa ndani ya maji.