Kompyuta Imewaka, Madirisha Hayapo

SWALI: Nina laptop ya zamani, RAM ni GB 2. Nimeweka Debian 12 (mfumo endeshi wa jamii ya Linux), lakini ikiwaka naona maandishi tu kwenye kioo cheusi. Nataka eneokazi lenye madirisha, ila intaneti yangu ni bando la simu. Nifanyeje?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Debian yako ni nzima, ndugu msomaji. Kwenye mifumo mingi ya jamii ya Unix, Debian ikiwemo, eneokazi ni programu kama programu nyingine, unaliongeza au kulitoa upendavyo. Kwa GB 2 achana na GNOME, eneokazi zito. Itafunguka, lakini ukiwasha kivinjari mashine itaanza kuhema. Chukua Xfce, eneokazi jepesi.

Unganisha simu kwa waya wa USB, uiruhusu igawe intaneti. Ingia kama root (msimamizi mkuu wa mfumo) kwa su - kisha andika ip link uone jina la muunganisho. Likiwa usb0, andika dhclient usb0. Baada ya hapo, tumia apt, programu ya kushusha na kusakinisha programu (lightdm ni kioo cha kuingilia):

apt update
apt install --download-only xfce4 xfce4-terminal lightdm

Usiombe furushi kubwa la task-xfce-desktop, maana huja na LibreOffice na mengineyo, na bando litaishia njiani. Kabla ya kubonyeza Y, soma mstari unaoanza na Need to get: hapo ndipo ukubwa wa mzigo unapotajwa.

Tunasisitiza kupakua kwanza kwa sababu ya umeme na bando. Vikikatika, rudia amri ileile. Faili zilizokwisha kushuka zimetunzwa /var/cache/apt/archives, hazitashushwa upya. Zikitimia zote, chaji betri, rudia amri bila --download-only, kisha reboot ili mashine iwake upya. Mashine ikizimika katikati ya hatua hii ya pili, anza na dpkg --configure -a ukiwa root, imalizie usakinishaji uliokatika.

Kuna kosa moja linalowatesa wengi: nenosiri ni sahihi, kioo kinapepesa, unarudishwa palepale pa kuingilia. Huenda mtu alianzisha eneokazi kwa sudo startx, yaani kwa mamlaka ya root, na faili ya .Xauthority, inayotunza ruhusa ya kufungua eneokazi, ikawa mali ya root. Bonyeza Ctrl+Alt+F2, ingia kwa jina lako la kawaida, andika ls -l ~/.Xauthority. Ukiona root, ifute kwa rm -f ~/.Xauthority. Kama si hiyo, andika df -h / uangalie nafasi. Diski ikiwa imejaa asilimia 100, ingia root kwa su - uandike apt clean, itafuta faili za programu zilizopakuliwa na apt. Rudi kwa Ctrl+Alt+F7 ujaribu tena.