Kovu Nililolisahau Mkononi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepata ufadhili. Naenda msitu wa Amazon upande wa Peru, miezi sita, utafiti wa ndege. Nibebe kamera gani?" Nikafurahi, maana njia hiyo nimeipita. Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikaona jibu nililete hapa, kwa kuwa wengi wenu mnaonisoma mnawinda nafasi hizohizo.

Mimi nilikuwa Madre de Dios, kusini-mashariki mwa Peru. Tulitega nyavu za kunasia ndege kabla hakujapambazuka na tulirudi kambini giza limeshaingia. Mbu nilijikinga naye. Usubi sikumtia hesabuni. Ni mdudu wa milimita mbili au tatu, hana mlio, na matundu ya chandarua cha kawaida anayapita atakavyo. Jike ndiye anayefyonza damu, hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri, saa zangu za kazi kabisa.

Baada ya wiki kadhaa kikatoka kipele juu kidogo ya kiwiko cha kushoto. Kikapasuka, kikawa kidonda cha mviringo chenye kingo zilizovimba. Hakikuuma, na hapo ndipo kiliponidanganya. Mpishi wa kambi, mama mwenyeji wa kule, alikitupia jicho mara moja akasema "espundia", jina la kule la leishmaniasis, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, kisha akagusa pua yake kwa kidole. Nikacheka. Kiongozi wetu akataka niende mjini nikapimwe. Ikithibitika, matibabu ya kawaida yalikuwa sindano za antimoni kila siku kwa siku 20. Siku 20! Msimu wa ndege ungeniishia kitandani. Nikamwambia kinapona chenyewe. Na kweli, miezi mitano baadaye kilifunga, kikaacha kovu jembamba linalong'aa. Nilirudi nyumbani na data zangu zote, na ile ripoti naionea fahari mpaka leo, nisiwadanganye.

Miaka mitatu ikapita. Pua ikaanza kuziba upande mmoja, ikafuata damu kila nikipenga, kisha magaga yasiyokwisha. Daktari wa kwanza akasema ni mzio. Wa pili akasema ni mzio, akabadilisha dawa ya kupuliza. Wa tatu alinitazama akaniambia naipenda pua yangu kupita kiasi. Maneno hayo bado yananichoma. Lakini niseme ukweli wote: hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba niliwahi kuishi Amazon. Sikuulizwa, nami sikuona uhusiano wowote kati ya pua na kiwiko.

Aliyeuona ni daktari kijana wa pua, masikio na koo. Nilikunja shati anipime presha, akalishika lile kovu: "Hili ulilipatia wapi?" Nikamsimulia kila kitu, akanyamaza kidogo, akachukua taa akachungulia puani. Ukuta wa katikati ulikuwa umetoboka.

Ndipo nilipojifunza nilichopaswa kujua kabla ya kupanda ndege. Kile kidonda kilipofunga, vimelea vyake, Leishmania braziliensis, havikuondoka mwilini. Hutoka kwenye ngozi, vikapita kwenye damu na limfu hadi utando laini wa pua, mdomo na koo, vikajificha huko miezi au hata miaka mingi. Si kila aliyeumwa ngozi hufikia hapo. Hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 10. Na sehemu kubwa ya ubomoaji hufanywa na kinga ya mwili yenyewe ikihangaika na vimelea vichache tu. Kwa sababu ya uchache huo, kipande cha kwanza cha nyama kilichokatwa puani hakikuonyesha kitu kwenye hadubini. Kipimo cha vinasaba ndicho kilichosema.

Nilitibiwa kwa dripu za amfoterisini B, figo zikipimwa mara kwa mara. Wengine bado huchomwa antimoni, tiba ambayo Mbrazili Gaspar Vianna aliitangaza mwaka 1912, na kwa ugonjwa uliofika puani huwa siku 28, moyo ukiangaliwa kwa mashine. Mimi niliyezikimbia zile 20! Nilipona. Tundu limebaki, na nikivuta pumzi kwa nguvu pua inapiga mluzi. Wanangu wanaona ni mchezo.

Ndugu zangu, ufadhili utarudi, pua hairudi. Tunaficha maradhi ili tusionekane dhaifu mbele ya wazungu wa mradi, halafu tunakuja kulalamika kwamba madaktari hawajui. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki tatu, kiuma kisiume, kapime. Hata ukitibiwa ngozi ikapona, hatari inapungua lakini haiishi, kwa hiyo pua ikisumbua mwaka wowote baadaye, mwambie daktari ulikokuwa. Mwambie hata asipokuuliza. Mwambie tena ukibadilisha daktari. Chanjo haipo, wala kidonge cha kumeza kabla ya safari. Kuna mikono mirefu, dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu yenye DEET, na chandarua chenye matundu madogo sana kilichotiwa dawa. Nayajua haya yanachosha kwenye joto lile. Vaeni tu.

Sasa, mdogo wangu, kamera: chukua yoyote inayohimili unyevu, na lenzi ndefu kadiri mkoba wako unavyoruhusu. Ukitoka kipele kinachogeuka kidonda, kipige picha kila wiki, rula ikiwa pembeni. Nina picha za ndege zaidi ya elfu mbili kutoka kule. Ya kiwiko changu sina hata moja.