Maswali ya Wasomaji: Michezo 16 na michezo 3

SWALI: Mhariri, asalaam alaykum. Mwanangu amenionyesha orodha ya warushaji wa besiboli wa Marekani walioongoza ligi zao kwa michezo ambayo wapinzani hawakupata mkimbio (yaani alama) hata mmoja. Mwaka 1916 kinara wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili kuu za huko, ana michezo 16, na mwaka 2016 kinara ana 3 tu. Je, ni kosa la chapa, au warushaji wa leo wamekuwa dhaifu? – Mwalimu wa skuli, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Tarakimu zote mbili ni sahihi. Wa kwanza ni Grover Alexander wa Philadelphia Phillies, na wa pili ni Clayton Kershaw wa Los Angeles Dodgers. Sharti lenyewe ndilo linalowatenganisha, kwani ili mrushaji aandikiwe mchezo wa aina hii, kwa kawaida hutakiwa arushe vipindi vyote tisa peke yake. Akipumzishwa katika kipindi cha nane, hata kama waliompokea nao hawakuruhusu mkimbio, timu huhesabiwa mchezo huo lakini yeye hapati kitu, mfano wa kipa aliyetolewa uwanjani Gombani dakika ya 80 akiwa hajafungwa, akaambiwa kazi yake haihesabiki.

Zamani za Alexander, aliyeanza ndiye aliyemaliza. Tena kabla ya 1920 mpira mmoja ulitumika hadi ukachakaa na kuingia weusi, na warushaji wengine waliupaka mate ili upinde njiani, hivyo mpigaji alikuwa na dhiki ya kuuona, sembuse kuupiga mbali. Mwaka huohuo wa 1916, Babe Ruth, ambaye wengi wanamjua kwa kupiga tu, aliongoza Ligi ya Marekani, ile ligi kuu ya pili, kwa michezo 9 akiwa mrushaji wa Boston. Walter Johnson wa Washington alifikisha 110 katika maisha yake ya uchezaji, na hajatokea wa kumfikia.

Sheria nazo zimewabana warushaji. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis alipata michezo 13, na wapigaji kwa jumla walielemewa kiasi kwamba mwaka uliofuata kilima anachosimama mrushaji kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Siku hizi, zaidi ya hayo, makocha huhesabu kila mrusho, na mkono ukikaribia mirusho 100 mtu hupumzishwa ili asiumie.

Kwa hiyo, Mwalimu, neno “dhaifu” silikubali hata kidogo. Mwambie mwanao atazame pia safu ya michezo iliyomalizwa: mwaka 1916 Alexander alimaliza michezo 38, na katika hiyo 16 haikuwa na mkimbio, mwaka 2016 Kershaw aliachiwa amalize michezo 3, na yote mitatu wapinzani waliondoka mikono mitupu.