Kabla hujatoa kete kafara, hesabu zilizoamka

Jamani leo nataka niongee na nyie mnaopenda kushambulia kwenye chesi, maana mi ni mmoja wenu na nimepoteza mechi nyingi mno kwa kosa moja tu. Nilikuwa nikianza mchezo, hatua ya nne ya tano malkia wangu ashatoka, anazunguka zunguka kule mbele, nikiona tu f7 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni safu mlalo) ina upenyo natoa askofu kafara, cheki! mfalme anamla, anatulia pembeni, halafu mimi sina mtu mwingine wa kumpeleka. Kete moja pungufu na mchezo ndo umeenda hivyo.

Kijiweni kwetu kuna mzee mmoja, siku hiyo alinifunga mara tatu mfululizo, ya tatu akaweka kidole kwenye kona ya ubao akaniuliza, "Mwanangu, hizi ngome zako leo zimefanya kazi gani?" Nikaangalia, zote mbili ziko palepale nilipozipanga. Nikamwambia hamna kitu mzee. Akasema kaitafute ile mechi ya Morphy ya opera, uicheze kwa mkono, usiangalie tu kwenye simu.

Nikaitafuta. Paul Morphy alikuwa kijana wa New Orleans, Marekani, miaka 21 tu, ameshamaliza kusomea sheria, na mwaka 1858 alikuja Ulaya akawa anawapiga wakubwa mmoja baada ya mwingine. Mechi yenyewe ilichezwa Paris, humohumo kwenye jumba la opera watu wakiwa wanaimba jukwaani, yeye mmoja dhidi ya wawili wanaoshauriana, mtawala wa zamani wa Brunswick huko Ujerumani na mwenzake Count Isouard. Hatua 17 imeisha!

Nikapanga ubao wangu sakafuni, farasi mmoja alishapotea zamani kwahiyo nikaweka kisoda mahali pake. Na kilichonishangaza kwanza sio kafara, ni hatua ya 8. Morphy anacheza weupe, malkia wake yuko b3, anamtishia askari wa f7 na wa b7 kwa pamoja, wenzake wamejibu kwa malkia e7, ambaye sasa amemzibia njia askofu wao wa f8. Askari wa b7 yuko wazi, wa bure kabisa, mi ningemla bila hata kuwaza. Morphy hamli! Akimla, malkia mweusi anatoa cheki b4, malkia wanabadilishana, na joto lote la mchezo linapoa. Yeye anatoa farasi wake c3, halafu askofu g5. Yaani ameacha askari wa bure ili kete nyingine mbili ziamke, na hapo ndo nilipoelewa mzee alikuwa ananiambia nini.

Sasa weusi wanasukuma askari b5 kumfukuza askofu wake mwingine aliyeko c4, na Morphy anatoa farasi, yule kisoda wangu, anamla askari, analiwa, askofu anakula pale b5 na cheki. Ukiangalia haraka utasema huyu ana roho ngumu tu. Lakini hesabu. Mfalme mweusi bado yuko katikati, askofu wake mmoja na ngome ya pembeni wamelala tangu mwanzo na hawataamka mpaka mwisho, wakati Morphy ana malkia na maaskofu wawili kazini, halafu hatua ya 12 anamhamisha mfalme wake upande wa malkia na kwa hatua hiyohiyo ngome inatua d1, inaangalia moja kwa moja d7 alipobanwa farasi mweusi. Ngome hiyo inamla farasi, inaliwa, na ya pili inakuja kushika nafasi yake palepale d1! Hii ndo nilikuwa naikosa mimi, nikitoa kete moja nyuma yake hakuna anayefuata.

Halafu askofu wa b5 naye anakula pale d7, analiwa na farasi wao wa pili, na mwisho Morphy anampeleka malkia b8, cheki, farasi huyo hana ujanja lazima amle, na ngome inaingia d8, basi. Kilichobaki kwa Morphy ukiacha mfalme na askari ni ngome moja na askofu mmoja wa g5, wenzake wana malkia, ngome, askofu na farasi, na hakuna hata mmoja anayeweza kusaidia.

Kwahiyo siku hizi kabla sijatoa kafara nahesabu kete zangu zilizotoka na zake, nikiwa nazo tatu zaidi naangalia kwa makini, nikiwa sawa naye natoa kwanza ile iliyolala hata kama mkono unaniwasha. Pia naangalia mfalme wake yuko wapi, kama ameshajificha kwenye kona na ukuta wake wa askari mzima, kafara nyingi ni hasara tupu. Na kwa wanaoanza nawaomba sana, msirukie kuigiza ile mechi ya Mjerumani Anderssen ya London 1851 aliyotoa kafara askofu, ngome zote mbili mpaka malkia, ni tamu kweli ila ina njia nyingi za kupotea ndani yake, anzeni na hii ya opera ambayo kila hatua unaiona sababu yake.

Ichezeni kwa mkono kama mara kumi hivi, mkifika hatua ya 9 mfunike zilizobaki mjaribu kuzitaja wenyewe. Mimi iliyonichukua muda kuliko zote kuiona ni ya 14, ngome kuja d1 kimyakimya, haili mtu wala haitoi cheki. Juzi kwa mzee nilipata nafasi inayofanana nayo nikaleta ngome katikati badala ya kukimbilia cheki, akanyamaza muda mrefu, akasogeza miwani, akaanza kuutazama ubao upya.