Ratiba sina, ila nitakwambia nyumba yangu iliponishinda

Mdogo wangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Una mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi tisa, unatoka nyumbani saa 12 asubuhi, dada wa kazi uliye naye ni wa tatu tangu mwaka uanze, watoto hawaishi kuharisha na mafua, na baba watoto kakwambia nyumba imekuwa kama stendi. Unaomba mwenye ratiba nzuri akutumie uibandike ukutani.

Mimi ratiba sina. Niliwahi kuwa nayo, nikaichapa ofisini kwa rangi, kila saa na kazi yake, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Ilifika Jumatano ya wiki ya pili. Maji hayakutoka siku hiyo, na asubuhi yote ilikuwa imeandikwa "kufua". Mtoto wa kati akaigeuza akachora gari nyuma yake, ikaishia hapo.

Kilichonifungua macho ni wodi. Mwaka 2019 nilijifungua kitindamimba wangu kwa upasuaji, nikalazwa siku nne. Siku ya kwanza simu ililia mara kumi na moja, nilihesabu. Chumvi iko wapi. Sare ya mkubwa ni ipi, hii yenye vifungo vyote au ile nyingine. Umeme wa Luku umeisha, namba ya mita imeandikwa wapi. Wa kati ameshakunywa dawa ya minyoo au bado. Dada anauliza maharage yaliyoko kwenye friji ni ya kula au ya kumwaga. Nimelala na mshono, dripu mkononi, naendesha nyumba ya Tabata kwa simu. Mwishowe nesi wa zamu aliichukua akaizima, akaiweka chini ya mto wangu bila kusema neno.

Nilirudi nyumbani nikakuta watoto wamekula chipsi mayai siku tatu mfululizo, wa kati anaharisha, na kwenye ndoo ya maji ya kunywa kinaelea kikombe cha bluu kilichokatika mkono, kile ambacho kila anayekunywa anakichovya na vidole vyake vyote vinne. Nikakaa kwenye kochi nikalia. Mume wangu akadhani ni mshono unauma.

Na wala hakuwa mzembe, baba wa watu alihangaika mpaka akakonda. Ila nyumba nzima nilikuwa nimeihifadhi kichwani, na kichwa kiko wodini. Tangu siku ile nimekuwa na kazi moja tu: kila ninachokijua peke yangu nakitoa kichwani, nakiweka mahali ambapo mtu mwingine anakiona au anakishika.

Nilianza na kile kikombe. Nilinunua ndoo ya lita 20 yenye bomba chini na mfuniko unaobana, nikaiweka juu ya stuli, kimo cha mtoto wa miaka minne. Maji tunachemsha usiku kwa moto wa mkaa unaobaki baada ya kupika, yanapoa kwenye sufuria ile ile ikiwa imefunikwa, asubuhi yanamiminwa kwenye ndoo. Basi. Kabla ya hapo nilikuwa nasema "usichovye mkono" mara ishirini kwa siku na hakuna aliyesikia. Bomba halisemi kitu, na mkono hauingii.

Kikafuata choo. Sisi choo kipo uani na tunachangia na wapangaji wawili, bomba lipo mbali, kwa hiyo watoto walikuwa wakitoka chooni wanakimbilia sahani moja kwa moja. Nikatengeneza kibuyu chirizi. Kama hukijui, chukua dumu la lita tano, lioshe, litoboe tundu dogo kwa msumari wa moto, mbele, juu kidogo ya katikati. Tia maji yasifike kwenye tundu. Lining'inize kwa mpini wake kwenye mti uliolala juu ya miti miwili, funga kamba shingoni, ncha ya pili ifunge kwenye kijiti kilicholala chini. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, na hajashika chochote. Sabuni niliitia ndani ya soksi ya zamani nikaitundika pembeni, maana sabuni ya wazi uani kwetu hailali. Wiki ya kwanza waliifanya mchezo, walinawa hata wasiotoka chooni, madumu mawili kwa siku yalikwenda. Mume akalalamika maji. Nikamwambia maji ya kununua ni nafuu kuliko zahanati. Kuharisha kwa watoto wangu hakukuisha, nisikudanganye, ila kulitoka kwenye kila mwezi kukawa mara moja moja kwa mwaka.

Kwa siku hizo moja moja nina kopo la maziwa ya unga, lile kubwa la bati, liko juu ya kabati la jikoni, na kila mtu mzima ndani ya nyumba analijua. Ndani mna paketi za ORS, ile dawa ya kukoroga na maji kwa anayeharisha, vidonge vya zinki, kipimajoto, kadi za kliniki za watoto wote, na noti ya elfu kumi ya bodaboda ambayo haiguswi hata Luku ikiisha saa nane usiku. Pembeni nimefunga chupa tupu ya lita moja, kwa sababu paketi moja ya hizi nilizo nazo inataka maji lita moja kamili, na dada wa kazi wa wakati ule alikuwa anakoroga kwenye kikombe. Zinki mtoto anapewa siku kumi hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Kwenye mfuniko nimeandika kwa kalamu nzito yale ambayo yakitokea hakuna kunipigia simu wala kusubiri nirudi: hanyonyi au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea haamki. Hapo ni bodaboda, hospitali, simu baadaye.

Na kwa kuwa nimetaja kadi: huyo wako wa miezi tisa yuko kwenye mwezi wa chanjo ya surua na rubella. Hiyo huwa hatuisahau. Tunayoisahau ni ya pili, ya miezi 18, kwa sababu mtoto anatembea, ananenepa, kliniki tumeshaichoka. Mimi wa kati nilimpeleka na miezi 23, nikasemwa mbele ya foleni nzima na nilistahili. Sasa kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani, ndiyo inayokumbuka. Juni na Desemba nimezungushia duara jekundu, matone ya vitamini A na dawa ya minyoo.

Sasa uji wa lishe, maana umesema unampa mtoto ule wa nafaka kumi na mbili ulioelekezwa na jirani. Mimi pia nilipita hapo. Nilisaga mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa juu yake, mfuko wa kilo kumi, nikajiona mama bora wa mtaa. Baada ya wiki tatu ulikuwa unanuka mafuta yaliyochacha, na mtoto akiuona tu anafunga mdomo. Nesi wa kliniki alinielekeza vizuri bila kunicheka: nafaka moja au mbili zinatosha, karanga zisagwe peke yake na kidogo kidogo, zitiwe wakati wa kupika, kwa sababu zikikaa kwenye unga zinauharibu wote. Kisha akanieleza habari ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga. Hiyo haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Tangu hapo karanga nazichambua mwenyewe kwenye ungo, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu inatoka. Dagaa nawakausha kwenye kikaango, nawasaga kidogo, wanakaa kwenye chupa yao, kijiko kimoja kinaingia kwenye uji au kwenye mboga ya mtoto. Ukitaka utamu, ponda ndizi mbivu. Kazi ni ndogo kuliko ile ya kwanza, wala hamna siri nyingine.

Chakula cha wakubwa nimekirahisisha mpaka mama yangu mzazi ananisikitikia. Jumamosi alfajiri naenda soko la Buguruni, narudi kabla jua halijakaza. Maharage kilo moja na nusu yanalowekwa Ijumaa usiku, yanachemshwa Jumamosi kwa mkaa mara moja tu, bila chumvi wala nazi, yanagawanywa kwenye makopo matano na kuingia kwenye friza. Siku ya kazi ni kuunga tu, dakika kumi na tano za gesi. Mtungi wa kilo 15 uliokuwa unaniishia wiki ya tano sasa unanifikisha ya nane. Nyanya nazichemsha na kuzisaga zote siku hiyo hiyo. Mboga za majani sihifadhi. Matembele nimepanda kwenye viroba vinne ukutani mwa bafu, maji ya kuoshea mchele yanakwenda huko, na ukichuma leo keshokutwa yameshachipua. Chai na chakula cha mchana au cha usiku nimevitenganisha, kwa sababu chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mboga, na badala yake tunakamulia limao au kula chungwa. Mume alinung'unika kama miezi miwili hivi kuhusu chai. Akazoea.

Kuhusu dada wa kazi, naomba usinichukie. Wa tatu kwa mwaka? Tatizo linaweza kuwa upande wako, kama lilivyokuwa upande wangu. Nilikuwa narudi saa mbili usiku nikiwa nimeiva kwa foleni ya barabara ya Mandela, natupa mkoba, naanza kutoa makosa kabla sijajibu shikamoo. Mtoto wa watu amekaa na watoto wangu saa kumi na nne, na kitu cha kwanza anachosikia ni kwa nini ndala ziko sebuleni. Huyu niliye naye ana mwaka wa nne. Mshahara wake unatoka tarehe ile ile hata kama wangu umechelewa, Jumapili ni yake toka asubuhi mpaka jioni, na haniambii anakwenda wapi wala simuulizi. Usiku tunakaa naye jikoni dakika kumi tunapanga kesho: nani anakula nini, nguo zipi zinafuliwa, maji yapo madumu mangapi. Kama kuna kosa nalisema hapo, tukiwa wawili. Na zipo kazi ambazo nimezikabidhi na sizigusi. Kupanga jiko ni kwake. Mwanzoni sikupenda sufuria zilivyokaa. Sasa siwezi kukwambia kijiko cha pilau kiko wapi bila kumuuliza.

Baba watoto ndiye aliyechelewa kuingia, na kosa lilikuwa namna nilivyomwomba. Nilikuwa namwambia "nisaidie", anasaidia siku mbili, anangoja kuombwa tena. Siku moja nikamkabidhi vitu vitatu vizima: viatu na sare za shule, vyandarua, na Luku. Vizima maana yake hata kukumbuka ni kwake. Wiki ya kwanza mkubwa alikwenda shule na viatu vyenye tope la juzi. Mkono uliniwasha, nikajizuia, nikanywa maji. Jumapili iliyofuata nilimkuta uani na brashi na kiwi, redio pembeni, mpira unatangazwa, jozi tatu za viatu zimepangwa kwenye gazeti. Hiyo ndiyo siku yake mpaka leo, na chandarua kikichanika anashona mwenyewe kwa uzi wa kuvulia samaki, mbaya lakini mbu hapiti.

Vitu nilivyoacha kabisa ni vingi: kupiga pasi nguo za nyumbani, kufuta vioo kila siku, kabati la vyombo vya wageni nimeligawa kwa wadogo zangu. Sebule inakuwa fujo toka saa kumi jioni mpaka saa moja usiku, kisha kila mtoto anabeba cha kwake kwenye kapu lake. Kabla ya saa moja siitazami.

Na lile swali lako la mwisho, la mama mkwe anayekuja Desemba na unaogopa atasema nyumba haina mwenyewe. Atasema. Wa kwangu alikuja, akafunua ndoo, akavuta viroba vya matembele, akauliza kwa nini mwanawe anapiga kiwi viatu. Nikampa ungo na karanga kilo mbili achambue, nikakaa naye mkekani. Alichambua vizuri kuliko mimi. Tulipofika nusu alikuwa ameshanihadithia mabaya ya mwanawe yote tangu darasa la tatu, na asubuhi yake nikamkuta uani anamfundisha kitindamimba kukanyaga kile kijiti.